Mbegu za nguruwe hazihitaji naitrojeni, tunasubiri nini?

Ndugu Mhariri,

Huku Rungwe, mfugaji akiona ng'ombe wake amesimama kupandwa na wenzake asubuhi, anajua ng'ombe yuko kwenye joto, yaani tayari kushika mimba, na mhimilishaji, mtaalamu wa kupandikiza mbegu za dume, anatakiwa afike jioni hiyo hiyo. Fursa ikipita, ni kusubiri siku 21 nyingine.

Kinachokwamisha mara nyingi ni mtungi. Mbegu zilizogandishwa hukaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na naitrojeni hiyo hupungua kila siku hata usipoufungua. Ukitumbukiza rula ya mbao na kuitoa, utandu mweupe wa barafu unaoishika ndio unaokuonyesha kina. Nimeona rula ikitoka na weupe wa vidole viwili tu, yaani naitrojeni imekaribia kuisha, na kazi ikaendelea! Ng'ombe asiposhika mimba akarudi kwenye joto, lawama haiendi kwenye mtungi; mwenyewe anaambiwa ampe madini.

Si kila mbegu lazima igandishwe. New Zealand, msimu wa kupandisha, ng'ombe wengi huhimilishwa kwa mbegu mbichi zilizochanganywa na maji maalumu yenye kiini cha yai, zikatunzwa kwenye nyuzi 18 hadi 24 na kutumika ndani ya siku chache. Dozi moja hutosha na mbegu milioni 2 hivi, wakati ya kugandishwa huhitaji milioni 15 au zaidi. Dume mmoja bora anahudumia ng'ombe wengi mno.

Kwetu ningeanza na nguruwe. Mbegu zao hazipendi kugandishwa. Duniani kote hutumika zikiwa mbichi, kwenye nyuzi 17 hivi, na hudumu siku tatu au zaidi kutegemea dawa ya kuchanganyia. Dume akivunwa mara moja hutoa dozi zaidi ya 10. Rwanda wanazisafirisha hata kwa ndege zisizo na rubani. Sisi basi la asubuhi linatosha.

Tahadhari ipo. "Joto la chumba" la Tukuyu mwezi Julai si la Dar es Salaam, ambako mbegu hizo zingekufa upesi. Na asije mtu akaziweka kwenye friji kando ya maziwa akidhani anazitunza: chini ya nyuzi 15 mbegu za nguruwe huharibika. Linatakiwa kasha lenye kipimajoto, na tarehe ya kuvunwa iandikwe kwenye kila chupa.

Naiomba Wizara ya Mifugo na Uvuvi ianzishe kituo cha madume wa nguruwe Nyanda za Juu Kusini. TALIRI, Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, wapo Uyole, wataalamu wapo. Sasa hivi dume wa kukodi anaswagwa kutoka banda hadi banda, hata homa ya nguruwe ikiwa imeingia kijiji cha jirani. Bali madume wa kituo nao wapimwe homa hiyo kabla dozi ya kwanza haijatoka, maana virusi vyake vinaweza kupita hata kwenye mbegu.

Mhimilishaji,
Rungwe, Mbeya