Farasi Wako Anashtuka Kila Kitu? Usikaze Kamba

Simu nyingi tunazopokea sisi wakufunzi wa farasi huanza hivi: "Nimechukua farasi aliyestaafu mbio, mzuri sana, lakini hashikiki." Mnyama ametoka Ngong Racecourse, uwanja wa mbio za farasi Nairobi, amehamia mitaa ya Karen au Lang'ata, na kabla hata hajazoea banda ameshamburura saisi, yaani mtunza farasi, hadi kwenye ua. Mwenyewe anaomba tuje tumtoe ukaidi. Tukifika, kwa kawaida tunakuta mnyama aliyejaa hofu na watu watatu wanaomkemea.

Farasi huponea miguuni. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Huyu wako, juu ya hayo, amekulia kwenye kazi ambayo damu ikichemka anatakiwa kuongeza kasi. Sasa uwanja umemwondolea, na badala yake anapitiwa na bodaboda nje ya geti, ngiri wanatokea vichakani na mabati yanapigapiga kila upepo ukivuma.

Mazoea ya wengi ni kumshika kamba fupi, ngumi iko chini ya kidevu. Farasi akiogopa hutaka kuinua kichwa aone vizuri. Ukimzuia anajiona amenaswa, na aliyenaswa hupigana. Sisi tunafanya kazi kabla ya tandiko na mpandaji: hatamu ya kamba isiyo na lijamu (chuma cha mdomoni), kamba ya kuongozea ya mita 3.5 hadi 4, glavu na kofia ngumu. Kamba haizungushwi mkononi hata kwa sekunde moja. Vidole hukatika.

Zamani wakufunzi walipenda kufunga mfuko wa plastiki kwenye ncha ya fimbo ili kumzoesha farasi kelele. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Kenya mwaka 2017 tunatumia kipande cha turubai, na kusema kweli kinatisha vizuri zaidi. Tunakitandika chini, mbali kidogo, kisha tunamwongoza farasi kukielekea. Mara sikio moja linaganda, shingo inakakamaa, tundu za pua zinapanuka. Tunasimama papo hapo, kabla hajaruka. Tunamwambia saisi, "Mzee, legeza," naye analegeza mpaka kamba inaning'inia. Tunangoja bila kumsemesha farasi. Anapepesa macho, anashusha kichwa, anapumua kwa nguvu puani, na wakati huohuo tunamgeuza na kumtoa pale. Kuondolewa ndiyo malipo yake. Tukirudi, tunasogea hatua moja zaidi, hadi atakapoinama mwenyewe kulinusa turubai.

Kila kitu kiko kwenye huo wakati wa kumgeuza. Ukimwondoa akiwa anaruka, umemfundisha kwamba kuruka kunalipa. Na usidanganywe na kulamba midomo: mara nyingi ni dalili tu kwamba mshtuko unapungua, haithibitishi kwamba ameelewa. Sisi tunatazama macho, shingo na mkia kwa pamoja.

Kuna kazi mbili tunazozikataa. Ya kwanza ni kumzungusha kwa kamba ndefu mpaka achoke. Farasi wa mbio hapo unamjenga pumzi tu. Ya pili ni kumfunga kwenye nguzo na kumpapasa na turubai mpaka asimame kama gogo. Huyo amekata tamaa, na siku atakapozinduka mtu ataumia.

Kabla hatujaja, daktari wa mifugo amwone: meno, mgongo, kwato, na tumbo hasa. Tumbo la farasi hutoa asidi muda wote, hata likiwa tupu, na vidonda vya tumbo ni vya kawaida kwa farasi wa mbio. Kama hafanyi tena kazi nzito, zungumza na daktari kuhusu kumpunguzia nafaka taratibu. Apate nyasi kavu kutwa nzima, atoke nje, awe na mwenzake. Wapo wanaotulia nusu nzima kwa hayo tu, na bili yetu inapungua. Hatulalamiki.

Sharti letu moja halina mjadala: saisi awepo kuanzia mwanzo hadi mwisho, kamba mkononi mwake. Wewe mwenye farasi unakuja jioni na wikendi. Yeye ndiye anayemtoa bandani alfajiri. Vipindi ni vifupi na kila jambo tunalifanya pande zote mbili, kwa sababu farasi hawa wamezoea kuongozwa kutoka kushoto, na turubai alilolizoea kwa jicho la kushoto linaweza kumshtua upya akiliona kwa la kulia.

Ukitaka kuweka nafasi, tutumie video fupi ya farasi akitolewa bandani na saisi wake wa kila siku, bila maandalizi yoyote, pamoja na maelezo ya anachokula na saa anazokaa nje. Asipigwe picha akiwa amefungwa.