Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Chumba cha Mnazi Mmoja, Ada na Mengineyo

Mheshimiwa mlezi wa chama, ndugu wajumbe wa kamati tendaji, ndugu wanachama wa chama chetu cha waandishi na wachoraji, mliofika na mlioko njiani, itifaki imezingatiwa.

Shughuli za kawaida mnazijua, nitazipita haraka. Usomaji wa hadithi na mashairi wa kila robo mwaka ulifanyika mara tatu. Wa Julai ukumbi ulichukuliwa na harusi. Wachoraji walionyesha picha zao kama kawaida na wakauza chache. Tulipata msiba mmoja, rambirambi ikatolewa kwa mujibu wa katiba. Miswada miwili ilipelekwa kushindania Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile inayotolewa Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu. Haikushinda, lakini ilipelekwa, na kabla ya uongozi huu tulikuwa tunaishia kuzungumza tu kuhusu kupeleka. Semina ya hakimiliki nayo ilifanyika, nitairudia.

Sasa nije kwenye chumba cha kuandikia tulichokipanga kwa fedha za kitabu, na malalamiko yaliyofuata. Najua ndicho kilichowaleta wengi leo, maana mahudhurio ya namna hii sijayaona tangu siku tulipogawa fulana.

Mwanachama wa chama hiki ni mtu wa ajira. Mtumishi wa serikali anaingia saa 1:30 asubuhi, anatoka saa 9:30. Wa kampuni anatoka saa 11 jioni, mwenye duka hajulikani anatoka saa ngapi. Baada ya hapo wote wanaingia kwenye foleni. Wa Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta wanafika nyumbani usiku, wamesimama njia nzima, na nyumbani kuna madaftari ya watoto ya kukagua, kuna mgeni kutoka mkoani, kuna taarifa ya habari. Muswada unalala ndani ya begi, kesho unarudi nao kazini. Tangu nijiunge na chama hiki sijakutana na mwanachama aliyekosa la kuandika. Nimekutana na waliokosa saa moja ya kuandikia.

Ndipo nikapendekeza tupange chumba karibu na Mnazi Mmoja, hapa katikati ya Dar es Salaam, kifunguliwe Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa 10 jioni hadi saa 2:30 usiku, ili anayesubiri foleni ipungue asisubirie kituoni. Wazo lilikuwa langu, kumbukumbu za kikao zipo. Nalisema hili kwa sababu nimeona kwamba chumba kikisifiwa ni cha kamati nzima, kikilaumiwa ni cha mwenyekiti.

Fedha zilitoka kwenye mfuko wa kitabu, yaani akiba ya kuchapa mkusanyiko wa kazi zetu. Sifichi. Mfuko ulikuwa na shilingi 2,400,000. Kodi ni 200,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba, kama wenye nyumba wote wa mji huu, alitaka miezi sita mkononi. Mimi binafsi nilikwenda kumwomba akakubali apokee mara mbili. Jumla ya kodi 1,200,000, meza tatu na viti kumi na viwili vya plastiki 310,000, umeme wa Luku 84,000. Zimebaki 806,000 na zipo benki. Mweka hazina ana karatasi zake hapa.

Imesemwa kwamba katiba inataka matumizi yanayozidi milioni moja yaidhinishwe na mkutano mkuu. Ni kweli inataka. Lakini hakuna malipo yoyote yaliyozidi milioni moja: kodi ililipwa laki sita na laki sita, kwa tarehe mbili tofauti, kwa stakabadhi mbili tofauti. Wanaosema malipo yaligawanywa makusudi ili kuikwepa katiba wanasahau kwamba huyo huyo mwenyekiti aliitisha mkutano wa dharura kuhusu jambo hili. Akidi ilikuwa wanachama 21. Walifika 13, na wawili kati yao waliondoka kabla ya ajenda ya pili. Kamati ya watu tisa nayo ilikaa watu watano. Mwenye nyumba alikuwa na mteja mwingine wa saluni. Ningefanya nini? Asiyekuja kikaoni akaja kuhoji uamuzi wa kikao, namheshimu, lakini namwomba naye atuheshimu sisi tuliokaa pale hadi usiku.

Swali la pili ni kitabu kiko wapi. Ndugu zangu, kitabu hakichapwi kwa fedha peke yake. Miswada iliyoahidiwa kwa ajili ya mkusanyiko wetu ilikuwa 23. Siku ya mwisho iliyotangazwa, iliyokamilika ilikuwa sita, miwili ya mtu mmoja. Mingine ilikuwa kurasa za mwanzo na ahadi. Aliyewahi kwenda kiwandani anajua kwamba mashine ya ofseti inadai bamba zake za kuchapia hata ukichapa nakala mia. Kwa hiyo kitabu cha nakala chache ndicho kinachoumiza mfuko zaidi kwa kila nakala. Tungemaliza akiba yote kwa kijitabu cha hadithi sita, halafu tukaulizwa kwa nini ni chembamba.

Kuna aliyeandika kwenye kundi letu la WhatsApp, usiku wa manane, kwamba Shaaban Robert hakupangiwa chumba na mtu. Nilisoma. Nami namkumbusha kwamba Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, akaenda idara ya wanyamapori, akarudi ofisi ya wilaya Tanga, akamalizia upimaji ardhi. Karibu maisha yake yote ya uandishi aliyaishi akiwa mtumishi, na alifariki 1962 akiwa na miaka 53 tu. Huyo ni shahidi wangu mimi, si wenu. Anathibitisha kwamba karani anaweza. Hathibitishi kwamba anaweza akiwa amesimama ndani ya daladala. Na Edward Tingatinga, ambaye wachoraji wetu wanamtaja kila kikao, alianza kwenye mashamba ya mkonge na kazi za nyumbani za watu, akachora kwa rangi ya baiskeli juu ya mbao za dari, kwa sababu ndizo alizoweza kuzinunua. Alifariki 1972, miaka michache tu tangu aanze. Muda wake ulikuwa mfupi, na sisi wa kwetu tunautumia kubishana kuhusu viti vya plastiki.

Sasa faida, maana hii haisemwi. Mwalimu mmoja wa sekondari amemaliza tamthilia aliyoianza kabla hajaolewa. Muuguzi anayeingia zamu ya usiku hupita chumbani saa 10, anaandika hadi saa 12, anakwenda wodini. Mwenzetu anayelinda ghala ameandika tenzi mbili, na kusema kweli mizani yake imenyooka kuliko ya baadhi yetu tuliosomea fasihi. Mimi kwa taaluma ni mhasibu, kwa hiyo nitawapa hesabu: maneno 300 kwa jioni, jioni tatu kwa wiki, wiki 50, ni maneno 45,000. Hiyo ni riwaya fupi. Maneno 300 ni ukurasa mmoja na kidogo. Mwalimu niliyemtaja hakufanya zaidi ya hapo, na ziko siku alizokuja akaandika mistari minne akafuta mitatu. Alirudi kesho yake.

Ipo faida nyingine, na hapa ndipo semina ya hakimiliki inapoingia. Baadhi yetu tunaandikia kompyuta za ofisini na kuchapa kwa karatasi za ofisini. Mwenzetu mmoja mwaka huu aliandikiwa barua ya kujieleza kwa jambo hilo, mwajiri sitamtaja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtazama mwajiri kama mwenye haki kwa kazi iliyotengenezwa katika ajira, mkataba usiposema vinginevyo. Riwaya yako si kazi ya ajira, nakubali. Lakini ukiiandika saa 5 asubuhi, kwenye meza ya mwajiri, kwa umeme wake, umejitafutia mabishano ambayo ungeweza kuyaepuka. Kwa watu 41 waliosajiliwa, waliokuja kwenye semina hiyo walikuwa tisa. Mtoa mada alikuja na nakala 40.

Kuhusu madai kwamba chumba kimegeuka ofisi ya mwenyekiti: ni kweli diwani yangu ya mashairi niliimalizia pale. Niliimalizia kwa sababu nilikuwa nakuja. Viti vilikuwa kumi na viwili, na jioni nyingi vilivyokaliwa ni vinne au vitano. Sikumzuia mtu. Daftari la mahudhurio liko mezani, anayetaka kuhesabu jina langu ahesabu, lakini ahesabu na la kwake.

Rangi za mafuta zimekatazwa chumbani kwa sababu ya harufu na kwa sababu mpangaji wa jirani alilalamika kwa mwenye nyumba. Wachoraji wanaweza kuchora kwa penseli na wino. Najua hawakufurahi. Suala hili nalifunga.

Ada. Ni 5,000 kwa mwezi, 60,000 kwa mwaka. Wote 41 tungelipa, tungepata 2,460,000. Tumepata 1,035,000. Waliolipa mwaka mzima ni 11, waliolipa vipande vipande ni 16, ambao hawajalipa hata shilingi ni 14. Miongoni mwa hao 14 wamo watatu waliosimama kuuliza fedha za kitabu zimekwenda wapi. Majina ninayo, mweka hazina ameniomba nisiyasome, na kwa heshima yake sitayasoma. Ila niseme hili: 5,000 kwa mwezi mzima ni chini ya 170 kwa siku. Tungekuwa tunalipa, mfuko wa kitabu usingeguswa, na taarifa hii ingekuwa ya ukurasa mmoja.

Mwaka ujao tunategemea kukamilisha mkusanyiko, Mungu akipenda, na kuutafutia mchapishaji mwenye masharti nafuu. Yako mazungumzo na shule moja kuhusu kusoma kazi zetu kwa wanafunzi. Yakifika mahali nitawajulisha. Limekuja pia wazo la kufungua chumba Jumamosi asubuhi, kama atapatikana wa kushika ufunguo zaidi yangu.

Kodi ya miezi sita inayofuata inadaiwa mwisho wa mwezi huu. Iko ajenda namba saba. Mwaka jana ajenda namba saba ilifikiwa tukiwa tumebaki watu wanane, kwa hiyo naomba mkutano uridhie tuisogeze iwe ya kwanza baada ya chai. Naomba kuwasilisha.