Risala ya Kikundi cha Akina Mama wa Likoni kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wanawake Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bwana Chifu, wazee wa mtaa, masheikh na wachungaji, mabibi na mabwana: Assalaam aleikum.

Kwanza twakushukuru kwa kuvuka kuja Likoni, maana wengi hualikwa nao hutuletea salamu tu. Kikundi chetu kilianza kama mchezo wa shilingi hamsini hamsini chini ya mkwaju. Mengine ni historia ndefu, na jua nalo lapanda. Itoshe kusema kwamba leo tunamiliki mahema mawili, viti 200 vya kukodisha na sufuria sita za pilau, na hakuna harusi ya maana upande huu wa kivuko inayofana bila mkono wetu, jambo tunalolihesabu kuwa mchango katika uchumi wa Pwani nzima.

Mheshimiwa, mada ya mwaka huu ni usawa wa jinsia na umri wa kuishi. Sri Lanka, nchi isiyo tajiri, ilisomesha wasichana na kusambaza wakunga vijijini miongo mingi iliyopita, na leo wastani wa umri wa kuishi huko umepita miaka 75. Rwanda, ambako tangu 2008 wanawake ndio wengi katika baraza la chini la Bunge, na ambako wahudumu wa afya wamewekwa hadi vijijini kuwaangalia waja wazito, ilikuwa chini ya miaka 50 mwaka 2000. Sasa imepita 65. Hapa Kenya tumepita 60 kidogo tu, na hesabu zilizotokana na sensa ya 2019 zinaonyesha vifo 355 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Waume zetu walioketi nyuma wasidhani haya ni ya wanawake peke yao: wataalamu waliolinganisha nchi nyingi wamekuta kwamba mahali wanawake wanapokaribia usawa, wanaume nao huishi zaidi.

Haja yetu ni moja: chumba cha kujifungulia katika zahanati ya mtaa, na mkunga wa zamu ya usiku. Zahanati hufungwa saa kumi jioni, na uchungu wa uzazi hausomi kibao cha mlangoni. Binti wa mweka hazina wetu alishikwa alfajiri, akapakiwa kwenye tuktuk aende hospitali ng'ambo, na feri aliyokuwa akiingoja ikiwa bado katikati ya maji akajifungulia kwenye mteremko wa kivuko, muuza mahamri akimkinga kwa leso mbili na dereva akimulika kwa simu. Alipoteza damu nyingi, lakini Mungu alimnusuru; mtoto ni yule pale mwenye gauni la manjano. Jirani yetu mwingine hakubahatika, na kwa kuwa mamake yuko nasi hapa leo, hatutaeleza zaidi.

Chumba hicho hakianzi leo. Mgeni rasmi mmoja aliahidi mabati, tukampigia vigelegele hata mbuzi wakakimbia. Aliyemfuata aliweka jiwe la msingi, ingawa kuta zilikuwa zimekwisha kufika kwenye linta kwa pesa za viti vyetu. Wa tatu alisema faili liko mezani. Tumelifuata ofisi tatu, na kila meza tuliikuta safi. Ndani ya kuta hizo sasa kumeota mpapai, nao umeanza kuzaa. Kwa heshima zote, Mheshimiwa, hatuombi jiwe jingine. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya huduma za afya, ikiwemo afya ya uzazi. Sisi tunaomba paa, mlango, taa, kitanda na mkunga, pamoja na tarehe iliyoandikwa.

Chumba kiko nyuma ya hema hili, hatua arubaini. Pilau haijaiva bado, kwa hiyo tunakuomba uandamane nasi ukakione. Fundi yupo na futi yake, nami nina kalamu na daftari la kikundi.

Katibu, kwa niaba ya wanachama