Wazazi, msituletee projekti za watoto tuwatengenezee

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa rohoni muda mrefu. Mimi ni fundi seremala hapa Keko, Dar es Salaam, huu mwaka wa 22 niko kwenye mbao. Kila muhula ukikaribia kuisha wanakuja wazazi na karatasi ya shule mkononi, mtoto wa sekondari kaambiwa atengeneze kitu, stuli au shelfu ya vitabu, na mzazi ananiuliza fundi utanifanyia bei gani. Mtoto mwenyewe yupo kwenye gari anachezea simu. Wengine wananiambia kabisa, fundi usipendezeshe sana mwalimu asije akashtuka.

Hela naitaka, nina familia, lakini toka mwaka jana oda hizo nimeacha kupokea. Nasema mlete mtoto Jumamosi, mbao atanunua na zana atatumia zangu bure. Wengi wanaenda banda la jirani na wanatengenezewa siku hiyo hiyo.

Wachache wanarudi. Alirudi binti mmoja wa kidato cha pili, nikamuuliza hii stuli ya nani, akasema ya shule. Nikamwambia shule haikai, anakaa mtu. Akafikiri, akasema basi iwe ya bibi, maana bibi yake anakaanga maandazi asubuhi na magoti yanamsumbua. Nikampa futi akapime toka sakafuni mpaka nyuma ya goti bibi akiwa amekaa, akaja na sentimita 41, tukakubaliana stuli iwe 46 kwa sababu mwenye magoti mabovu akikaa chini sana kunyanyuka ni shida. Akaichora inavyoonekana kwa mbele, kwa pembeni na kwa juu, halafu akatengeneza ya mfano kwa boksi la kanga, na hapo ndo akaona mwenyewe kwamba miguu ikisimama wima kabisa ukiegemea upande inapinduka, akaitanua kwa chini. Mimi sikusema kitu, boksi ndo lilimwambia.

Kukata ndo ilikuwa kazi. Msumeno ulimwenda kombo, patasi ikamtafuna ubao mmoja tukautupa, na stuli ilipounganishwa ikawa inacheza. Alitaka kulia. Akashika msumeno apunguze mguu mmoja nikamzuia, kwa sababu hivyo ndo watu wanavyopunguza huu mara ule mpaka stuli inabaki ya mtoto wa chekechea. Nikamwonyesha aiweke juu ya meza iliyonyooka, atie vipande vya boksi chini ya miguu iliyo mifupi mpaka itulie, halafu achukue kibao kimoja kidogo akilaze mezani, penseli juu yake, azunguke miguu yote minne akipiga alama, ndo akate kwenye alama. Ikasimama, ila ikabaki na sentimita 44. Zile mbili zilizopotea alinieleza mwenyewe zimeenda wapi na kwa nini, na mimi naona hayo maelezo ndo mtihani wenyewe, fundi huwezi kumwandikia mtoto kitu kama hicho ukakiuza.

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari, yaani masomo ya ufundi na stadi za kazi, nimefurahi sana kwa kweli. Wazo lenyewe tunalo toka Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na shule za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga wazee wengi wanazijua. Lakini nilikosoma mimi kujitegemea ilikuwa jembe na fagio tu, randa ya kulainishia mbao nimekutana nayo mtaani nikiwa mtu mzima. Ndo maana naogopa amali nayo isije ikaishia kwenye daftari, na naomba wale wa mkondo wa jumla, wanaosoma masomo ya kawaida, wasinyimwe kushika zana eti kwa vile wao wanaandaliwa kuwa madaktari. Daktari naye anashona.

Walimu wetu nawaomba mbadilishe kidogo mnavyosahihisha. Msitoe maksi kwa kitu kilichopakwa vanishi peke yake, hicho kinanunulika. Dai mchoro, vipimo na nani kapimwa, ule mfano wa boksi, na ubao ulioharibika uletwe nao mwanafunzi aseme kilitokea nini. Na kazi ifanyikie shuleni. Karakana kubwa si lazima kuanza nayo, benchi moja imara lenye jiliwa la kubania mbao, misumeno minne, randa mbili, patasi, gonia ya kupimia pembe na futi vinatosha watoto kupokezana kwa makundi, na mbao za paleti ni bei rahisi, mradi misumari yote ing'olewe kabla randa haijapita maana msumari mmoja unatia pengo kwenye kisu. Mafundi tupo, mkituita tuje masaa mawili kwa wiki wengi tutakuja.

Kwa wazazi wa huku kwetu, Jumamosi nipo bandani kuanzia saa mbili asubuhi. Mtoto aje na daftari la kuchorea na avae viatu vya kufunika vidole, ndala hapana.

Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam