Usishuke Mchangani

Mwanangu,

Sauti uliyotuma niliisikiliza jana usiku jikoni. Kwa hiyo likizo hii ya Pasaka huendi kwa shangazi yako, unakwenda ghuba ya Morecambe, hukohuko Uingereza, kuangalia ndege, na tiketi ya treni umeshakata. Hukuniuliza, umeniarifu. Haya.

Sina neno na ndege. Neno langu ni mchanga ule. Mdogo wako amenisomea habari zake: maji yakipwa mchanga hauna mwisho, na bamvua ya huko, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu, hupanda hadi mita 10. Yetu hapa kwenye hori la Mida ikizidi sana ni mita 4, na hata hiyo hatuichezei. Februari 2004 waokota kombe zaidi ya 20, Wachina, walizama kwenye ghuba hiyo usiku mmoja. Hawakwenda kucheza wale, walikwenda kutafuta riziki.

Unanijibu kwamba wewe mtoto wa pwani. Wa pwani ipi? Hapa kaa akianza kuziba mlango wa shimo lake kwa tope unajua maji yanarudi, unaokota ndoo yako unatoka taratibu. Kule nani atakuambia? Maji yao hayaji kwa mbele ukayaona. Hupita kwenye mifereji nyuma yako, fungu ulilosimama bado kavu, ukigeuka njia haipo. Na kuna mchanga unaomeza miguu. Wenyewe wana mtu anayeteuliwa kwa jina la mfalme kuvusha watu, kazi iliyoanza miaka ya 1500, na huyo hupachika matawi ya mti kuonyesha pa kukanyaga, kwa sababu mifereji huhama. Kama mwenyeji anahitaji matawi, wewe je?

Lakini nisikufiche, nimefurahi. Nilivyokusikia ukieleza kwamba vitwitwi wa huko, wale ndege wadogo wa ufukoni, wakishiba watavuka hadi Iceland na Greenland, majira yaleyale ambayo wetu wanatukimbia kwenda Siberia, nilimhadithia kila aliyekuja kununua maandazi. Baba yako ndiye aliyekuwa akisema ndege hawalipi karo. Mimi nilikuwa nacheka naye tu. Bei ya hiyo darubini usimtajie.

Sasa nisikilize. Umesema mwenyewe siku nzuri ni za bamvua, kwa kuwa maji yakijaa huwasukuma ndege mpaka karibu na watu. Basi waache wasukumwe, wakufuate wewe. Fika pale ufukoni Hest Bank mapema kabla maji hayajajaa, kaa juu pasipofika maji, subiri. Kushuka mchangani kunakuongezea nini? Huyo rafiki yako wa kamera akishuka kufuata picha, usimfuate. Akikwama, piga 999 uombe walinzi wa pwani, na wewe ubaki hapohapo juu. Jedwali la maji nalo litazame limeandikwa kwa saa ipi, maana wenzetu mwisho wa Machi husogeza saa mbele. Uvae soksi mbili, upepo wa baharini huko si huu wetu, na kifua chako unakijua.

Bibi mguu umepungua kuvimba, anakusalimu, anauliza kama hao ndege wanaliwa. Makuti ya jikoni yameoza upande wa mkorosho na masika ndiyo haya yanaingia. Fundi anataka nusu ya pesa kabla hajapanda hata ngazi, nimemwambia apande kwanza. Zile ulizotuma nimelipia maji, zilizobaki nimenunua kamba na boriti mbili. Mbuzi amezaa pacha, jike nimekuandikia wewe, ila usianze kumpa jina la ndege.

Ukifika Morecambe nitumie ujumbe. Jioni ukiwa umerudi chumbani tuma mwingine. Siku za bamvua tuma na saa ya maji kujaa, nitakuwa naangalia saa.

Mama yako