Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Walimu wa Fizikia wa Wilaya

Ndugu wanachama, mafundi sanifu wa maabara na wageni waalikwa,

Shughuli za mwaka mnazijua, nazipitia haraka: semina mbili, mtihani wa pamoja wa vitendo wa kidato cha nne, usahihishaji wake, na hafla ya kumuaga mwenzetu aliyestaafu. Zote zilikwenda vizuri. Waliofanya kazi wanajijua, nami nilikuwemo tangu kufungua milango hadi kuifunga.

Fedha. Wanachama tupo 61, ada ni shilingi 20,000, waliolipa ni 23: shilingi 460,000. Ongeza bakaa ya mwaka jana 815,000, jumla 1,275,000. Madaraja ya mita, yaani vile vifaa vya maabara vya kupimia ukinzani wa umeme kwa waya wa mita moja, yapo 24, kwa 42,000 kila moja ni 1,008,000. Chai, shajala na nauli 190,000. Zimebaki 77,000. Risiti zote anazo mweka hazina, isipokuwa za mama wa chai, ambaye hajawahi kumwandikia mtu risiti.

Sasa hayo madaraja, maana najua ndiyo yaliyowaleta wengine hapa leo.

Ni kweli mkutano uliopita uliazimia twende Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere, tukaone mashine tisa za megawati 235 kila moja. Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono. Lakini hadi mwisho wa Juni waliotoa mchango wa basi walikuwa saba. Saba hawajazi hata Coaster. Wiki hizohizo nilipita shule moja, sitaitaja, nikakuta wanafunzi 48 wamelizunguka daraja moja la mita, wa nyuma wakiandika namba walizosikia wa mbele wakizitaja. Mtoto huyo ataigusa galvanomita, kile kipima mkondo mdogo wa umeme, mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani. Kamati tendaji ikakaa, watano kati ya tisa, akidi ikatimia, tukaamua kutengenezesha madaraja badala ya ziara. Saba wakarudishiwa michango yao. Anayesema niliamua peke yangu akasome muhtasari.

Kisha zikaanza kelele kwamba mwenyekiti katengenezesha madaraja kwa waya wa koili za jiko la umeme. Si kweli. Waya wa nikromu ulinunuliwa mpya. Waya uliokunjuliwa kwenye koili huwa mwembamba hapa, mnene pale, na daraja la mita haliendi bila waya ulio sawa mwanzo hadi mwisho. Miaka 19 nimefundisha, hilo ningelisahau vipi?

Mwenzetu mmoja akatuma picha kwenye kundi letu la WhatsApp: rezista (vikinza umeme) mbili za omu 10, moja kila upande, na mshale wa galvanomita umetulia sifuri kwenye sentimita 53 ya waya badala ya 50, katikati, panapotakiwa rezista zikilingana. Ndani ya dakika tano "madaraja ya mwenyekiti" yakawa utani wa wilaya. Nilipanda bodaboda nikamfuata, na nauli sikudai. Sikubishana. Nilimwomba tu abadilishe rezista, ya kushoto ije kulia. Tukagusa waya tena: 47. Kasoro ingekuwa ya waya, mshale ungerudi sifuri palepale 53. Umehama, kwa hiyo rezista ndizo hazilingani. Tukazisogeza dirishani: mkanda wa mwisho kwenye kila rezista ni wa rangi ya fedha, yaani zinaruhusiwa kupishana na omu zilizoandikwa kwa asilimia 10 juu au chini. Rezista hizo hazikununuliwa na chama. Picha ya 47 naisubiri kundini hadi leo.

Na ni sisi haohao tunaowahadithia wanafunzi habari za Erasto Mpemba, kijana wa Magamba kule Lushoto, aliyesema mwaka 1963 kuwa mchanganyiko wake wa aiskrimu uliingia frijini ungali moto ukawahi kuganda kuliko ule wa baridi. Alichekwa miaka mpaka Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam alipokubali kupima, wakachapisha pamoja mwaka 1969. Tunaihadithia kwa uchungu kweli, tukitoka darasani tunashika simu.

Kwa haki nakiri: madaraja mawili kati ya 24 ni mabovu kweli. Ukibadilisha rezista mshale hauhami; waya ulivutwa mno wakati wa kufungwa. Fundi seremala ameahidi kuyarudia.

Mahudhurio yanatia aibu. Machi tulikuwa 19, Juni 14, Septemba 11, na kati ya hao wawili walipitia kuuliza kama kuna posho. Mkutano wa saa tatu unaanza saa tano kasoro. Usiku wa manane mtu ana bando la kunijadili. Ada ya mwaka hana.

Mwakani, Mungu akijalia, ziara ya Rufiji itakuwepo. Tunatumaini pia kupata multimita, wadau wakijitokeza.

Yale madaraja mawili yapo maabara kwangu, juu ya kabati. Anayetaka kuyapiga picha anakaribishwa siku yoyote ya kazi, aje na risiti ya ada.

Wenu katika ujenzi wa chama,
Mwenyekiti