Mkutano mkuu wa kijiji

Rafiki yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku kijijini, ambako sote tu wazima na masika yameanza vizuri.

Uliniuliza kwa nini ulikataliwa kupiga kura tarehe 27 Novemba 2024, ilhali ulisafiri kutoka Dar es Salaam ukiwa na kadi yako ya mpiga kura. Kadi ile ni ya daftari la kudumu, ambalo hutumika kumchagua rais, mbunge na diwani. Uchaguzi wa serikali za mitaa una orodha yake, na uandikishaji ulifanyika tarehe 11 hadi 20 Oktoba, kila mtu pale anapoishi. Wewe ulipaswa kujiandikisha kwenye mtaa wako wa huko, umchague mwenyekiti unayemwendea kila unapohitaji barua ya utambulisho.

Hata hivyo, ndugu yangu, linaloniuma zaidi ni yale yanayofuata baada ya kura. Siku ya uchaguzi foleni ilianza alfajiri, lakini mkutano mkuu wa kijiji wa mwezi Machi uliahirishwa kwa kukosa akidi. Nao ndio wenye mamlaka ya juu kabisa kijijini, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sasa madaraka hayo yatapokelewa na nani, ikiwa wenyewe hatuhudhurii?

Tulipoitwa mara ya pili tulikaa chini ya mwembe wa shule, wazee na kina mama wengi, vijana wa kuhesabika. Kulikuwa na ombi la mtu wa mjini anayetaka ekari 40 upande wa malishoni, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Mtendaji alisoma ombi lile haraka haraka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama, akaomba lisomwe tena taratibu, kisha akauliza ng'ombe watapita wapi kwenda kunywa maji mtoni. Viongozi waliokaa mbele pale walitazamana tu. Mwenyekiti akaliahirisha jambo hilo hadi Juni, na akaagiza ramani iletwe. Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba kama mama yule angebaki shambani siku ile, njia ya mifugo ingepotea kwa kunyoosha mikono tu.

Kwa hiyo nina ombi. Mdogo wako ametimiza miaka 18 mwezi Februari, lakini anasema mikutano ni ya wazee. Mimi ameshanizoea, ila wewe anakusikiliza. Mpigie simu kabla ya Juni, umweleze kwamba shamba la mama yenu linapakana na ekari hizo.

Wako katika urafiki,
Jirani yako wa zamani